Tumbili wa Lipangalala na Koti la Baba

Juzi mvua ilinikuta sokoni, nikakimbilia chini ya turubai la muuza mitumba. Makoti ya sufu yaliyokuwa yananing'inia pale yalikuwa yameloa, na harufu yake iliponifika puani nikasimama palepale. Sufu iliyoloa ina harufu yake, anayeijua anaijua. Hata ulifue koti mara kumi, likinyeshewa linatoa jasho la mwenyewe. Muuzaji akadhani nimependa mzigo, akaanza kunipunguzia bei. Maskini, hakujua kwamba mimi pale sikuwapo. Nilikuwa nimerudi darasa la pili, nyuma ya nyumba yetu Lipangalala, Ifakara, mahindi yamefika kimo cha mtu mzima.

Niseme mapema ili msije mkanishangaa mbele ya safari: hapa nimekuja kujisifu. Wapo wanaojisifia baba zao, mabwana shamba, walimu wakuu, madereva wa matrekta ya miwa. Mimi namsifia mama yangu, na mashahidi wangu ni tumbili. Asiyependa sifa za mama wa mwenzie na aishie hapa.

Ukipita Lipangalala siku hizi unaona mabati kwa mabati. Wenzangu tuliokua pamoja mnakumbuka palivyokuwa. Nyuma ya nyumba zetu, kuelekea mto Lumemo, kulikuwa na miti, mingine mikubwa kiasi cha watoto wanne kushikana mikono kuizunguka. Kisha watu wakaanza kujenga. Kila nyumba ilikula miti mara mbili, kwanza kupisha kiwanja, halafu kuchomea matofali. Tanuri moja la tofali lilikuwa linameza kuni siku tatu mfululizo, na sisi watoto tulifurahia kuchoma mihogo kwenye makaa yake. Hakuna aliyejiuliza waliokuwa wanalala kwenye miti ile wamehamia wapi. Walikuwa wamehamia kwetu. Siku hizi nikisikia watu wanalalamika kwamba wanyama wamevamia mji, huwa nanyamaza kwa adabu tu, maana mdomo wangu unawasha kuuliza nani kamvamia nani.

Tumbili walikuwa wanakuja asubuhi, kabla mtaa haujachangamka. Wanapita juu ya paa la choo, wanashuka kwenye mipapai, wanaingia mahindini. Dume lao kubwa, lenye uso mweusi na mkia uliosimama kwa maringo, tulilipa jina la Mjumbe, kwa sababu, kama mjumbe wa nyumba kumi, lilikuwa haliruki nyumba hata moja. Linaanza kwa Mama Zaituni, jirani yetu, linakagua kamba za nguo, linafunua sufuria, halafu linakuja kwetu. Na walikuwa na dharau yao maalumu. Mwanamume akijitokeza, hata mzee wa kutembelea fimbo, wanatawanyika. Mwanamke akitoka wanamtazama tu. Nimemwona Mjumbe kwa macho yangu akikaa juu ya kichuguu, anamenya hindi jani kwa jani, huku anamwangalia mama yangu anayepiga sufuria na kupaza sauti. Alikula mpaka akamaliza. Ndipo akaondoka, tena kwa kutembea.

Na kwetu hapakuwa na mwanamume. Baba alikufa mwanzoni mwa mwaka ule, mwili ukapelekwa kuzikwa Mahenge. Mimi niliachwa kwa Mama Zaituni, nikaambiwa baba amesafiri. Nani aliyeanza kuyasema maneno hayo sijui, lakini kila mtu mzima niliyemuuliza aliyarudia vilevile. Mtoto wa miaka saba akiambiwa mtu amesafiri, anahesabu siku za kurudi. Baba alikuwa na desturi ya kusafiri. Alifanya kazi miaka kadhaa kwenye mashamba ya miti Uchindile, kule kwenye baridi, na kila aliporudi alikuwa na ndizi mbivu begani na koti lake zito la sufu, ambalo hapa Ifakara kwenye joto hili watu walikuwa wanamcheka nalo. Alilivaa asubuhi za mvua, pamoja na kofia ya pama. Kwa hiyo mimi nilikuwa nasubiri, wala sikuwa na wasiwasi sana.

Mama ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Baba mdogo, mdogo wake baba aliyekuwa akilima mpunga Lupiro, alikaa na mama baada ya mazishi, nami nilikuwa nimelala kwenye mkeka pembeni, wakadhani nimesinzia. Alisema shamba lile la nyuma ya nyumba ni mali ya ukoo. Alisema mjane peke yake hawezi kulilinda, tumbili watamaliza kila kitu na wenye maneno mtaani watasema ukoo umemtelekeza. Akampa msimu mmoja. Akivuna, kiwanja kitabaki mkononi mwake. Asipovuna, baba mdogo atampa mtu mwenye uwezo, na mimi na mama tutahamia Lupiro kwake. Mama hakubishana. Alisema tu, "Nimekusikia, shemeji."

Shamba lenyewe halikufika hata ekari moja, lakini ndilo lililokuwa chakula chetu. Mtu mmoja mtaani akamshauri mama apake dawa ya panya kwenye ndizi, awawekee tumbili, habari iishe. Mama alikataa. Alisema watoto wa mtaa nao wanaokota ndizi, na tena tumbili hana kosa, ana njaa, na njaa haiuliwi kwa sumu. Yule mtu akaenda anacheka, akisema basi mama awapikie kabisa.

Asubuhi moja natoka kwenda shule, umande umejaa njiani, nimechelewa. Kwenye kona ya barabara nikageuka kuangalia nyumbani, kama nilivyozoea. Katikati ya mahindi alikuwa amesimama baba. Alinipa mgongo. Koti lake, kofia yake ya pama, na mkono umeinuka juu.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikurudi mbio. Nanyi mmesahau shule zetu? Mchakamchaka ulikuwa umeshaanza, nilikuwa nausikia wimbo, na mwalimu wa zamu alikuwa anawangoja wachelewaji na fimbo ya mpera. Nikapiga hesabu ya kitoto: baba amesharudi, hatoki tena, mchana nitamkuta. Nikakimbia shule na furaha ambayo nadhani sijaipata tena tangu siku ile. Darasani nikamwambia Zaituni, rafiki yangu, kwamba baba yangu amerudi safari. Nikawaambia na wengine. Kufikia mapumziko ya uji, darasa zima lilikuwa na habari.

Mchana nikamkuta mama peke yake, amejifunga kanga, anamenya mihogo. Nikamuuliza baba yuko wapi. Kisu kikasimama. Akasema baba hayupo. Nikaona anavyokwepa macho yangu, nikaamua kwamba ni siri. Wakubwa walikuwa na siri nyingi mwaka ule, wakikutana wanaingia kwenye Kipogoro cha harakaharaka ili mimi nisishike. Nikajiambia, sawa, kama baba amerudi kwa siri, nami nitakaa kimya nyumbani. Shuleni nilikuwa nimeshachelewa kukaa kimya.

Tangu siku ile, kila asubuhi nikifika kwenye kona nageuka, na kila asubuhi baba yupo. Jumamosi na Jumapili mama alikuwa ananituma kisimani mapema, na nikitoka na ndoo ndipo baba anatokea. Sikumwita. Nilikuwa nasema polepole, "Shikamoo baba," najijibu mwenyewe "marahaba," naendelea na safari. Halafu nikaanza kumwekea chakula. Mama alikuwa ananipa mihogo miwili ya kuchemsha ya kwenda nayo shule. Nikawa naula mmoja, mwingine nauacha juu ya kichuguu kwenye pembe ya shamba, nimeufunika kwa jani. Mchana nikirudi, muhogo hakuna. Jani limebaki. Jamani, nilikuwa najiona mtoto mwema kuliko watoto wote wa Lipangalala. Baba yangu alikuwa anakula kwa mkono wangu.

Mama naye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa anashangaa kwa nini tumbili wale wakifukuzwa upande wa mto wanazungukia kwenye kichuguu.

Neno la mtoto halikai. Zaituni alimwambia mama yake, mama yake akalisema kisimani, na lilipofika kwa shangazi, dada yake baba aliyekuwa anakaa upande wa pili wa mji, lilikuwa limeshabadilika sura. Mtu mzima gani aseme marehemu amerudi? Wao walisema kuna mwanamume kwa mjane, anaonekana alfajiri, tena anavaa nguo za marehemu. Na hilo la nguo ndilo lililomchoma shangazi. Kwetu mtu akifa, nguo zake zinafungwa kwenye shuka na kuwekwa, hakuna anayezigusa mpaka mwaka utimie na ukoo ukutane kumaliza msiba. Ukoo ndio unaozigawa. Kuzivaa kabla ya siku hiyo ni kumtukana marehemu na waliomzaa.

Wakaja Jumamosi, mapema, ili wamkute mtu huyo kitandani. Baba mdogo alikuwa amevuka mto kutoka Lupiro jana yake na kulala kwa shangazi. Mimi nilikuwa natoka kisimani, ndoo kichwani, nikawakuta mlangoni. Nikawaamkia, wakaitikia bila kuniangalia. Mama alitokea nyuma ya nyumba anahema, miguu imejaa umande. Shangazi akaingia moja kwa moja ndani, akalikuta koti nyuma ya mlango wa uani. Lilikuwa limeloa. Akalinusa, akalikumbatia kifuani, na nyumba yote ikajaa ile harufu.

"Linavaliwa na nani?" akauliza.

Mama akasema, "Nalivaa mimi."

Baba mdogo akacheka kicheko kisicho na furaha. Akasema shemeji amtafute mjinga mwingine. Akasema mtaa mzima umemwona mwanamume, na kama mwanamume ameshapatikana basi habari ya msimu mmoja imekwisha, kiwanja kinarudi kwa ukoo leo hii na mtoto anaondoka naye kwenda Lupiro. Alipofika kwenye neno mtoto akanielekezea kidole. Nikaona nikiendelea kuficha siri, itaniondoa nyumbani wakati baba yumo humo shambani.

Nikasema, "Siyo mwanamume, ni baba. Namwona kila siku. Namwekea muhogo kwenye kichuguu na anakula."

Shangazi alikaa chini, hapohapo sakafuni, koti mapajani. Mama alinishusha ndoo kichwani, maana nilikuwa bado nimeibeba, akapiga magoti mbele yangu, akanishika mashavu kwa mikono yake ya baridi.

"Feli, baba yako alikufa. Tulimzika Mahenge. Unayemwona ni mimi."

Ndivyo nilivyoambiwa. Niliumia, sitasema sikuumia, lakini hata leo namshukuru kwamba alinipa neno lenyewe, kufa, bila kulifunika. Nililia kwa sauti kubwa. Naye akalia. Shangazi pia. Baba mdogo akabaki amesimama katikati ya wanawake wawili na mtoto wanaolia, hajui mikono yake aiweke wapi.

Kisha mama akajipangusa na kueleza. Alieleza akiwa amesimama wima. Alisema alijaribu sufuria, alijaribu kelele, alijaribu kumfunga mbwa wa kuazima, na tumbili walimdharau kwa sababu ni mwanamke. Alijua nguo zile haziguswi. Alitubu kabla ya kulivaa na alipanga kutubu tena baada ya mavuno, na ndiyo maana alikuwa ananificha hata mimi. Lakini kati ya mwiko na njaa ya mtoto, alichagua. Baba mdogo akasema maneno ni maneno, yeye anataka kuona. Mama akamwambia asubiri kidogo, wenyewe wanakuja.

Wakaja kweli. Wa kwanza alikuwa Mjumbe, juu ya paa la choo, halafu wengine, wengine na watoto wamening'inia tumboni. Baba mdogo akakunja mikono ya shati. Akasema tumbili wanaogopa wanaume, basi mwanamume yupo, mambo ya kuvaa makoti ya wafu hayakuwa na haja. Akatoka, akapiga makofi na kupaza sauti. Tumbili wakaruka mpaka kwenye ua. Akageuka kututazama ili tumwone. Nyuma yake wakarudi. Akarusha jiwe, likapita mbali. Akarusha la pili, likaangukia kwenye bati la Mama Zaituni na kumtoa Mama Zaituni ndani akiwa na mswaki mdomoni. Mjumbe akakaa kwenye kichuguu changu, akatazama kama pana muhogo, akakuta hakuna, akavunja hindi. Shangazi, na machozi yake, akaanza kucheka.

Hapo ndipo nilipojua mama yangu alikuwa nani. Alizaliwa upande wa Lupiro, akakulia kwenye mpunga. Utoto wake wote aliupitisha juu ya dungu, akiamia ndege wasile mashuke, tangu kuche mpaka jua lizame, na silaha yake ilikuwa kombeo na vidonge vya udongo alivyovifinyanga mwenyewe na kuvianika. Anayeamia ndege harushi ovyo, maana udongo ukianguka kwenye mpunga unavunja mashuke ya baba yake. Anajifunza kupitisha kidonge karibu na ndege bila kugusa jani. Wiki zote zile, ndani ya koti, mama alikuwa anafanya hivyo kwa tumbili. Kidonge mbele ya pua. Kidonge chini ya mkia. Hakumjeruhi hata mmoja.

Akatoa kombeo lake chini ya kitanda. Akanyoosha mkono kwa shangazi, akiomba koti. Shangazi akatikisa kichwa, akalikumbatia zaidi. Hakufanya hivyo kwa ukali. Lilikuwa koti la kaka yake. Mama akashusha mkono.

Akajikaza kanga kiunoni, akatoka vilevile, kichwa wazi. Nilimwogopea. Nilijua watamkalia kichwani mbele ya baba mdogo, na Lupiro tutakwenda. Akapita kando ya baba mdogo bila kumtazama, akafika kwenye mstari wa kwanza wa mahindi, akasimama. Kombeo lilikuwa linaning'inia tu, hajatia kidonge.

Mjumbe akageuka. Akamwangalia. Hindi likamtoka mkononi. Akatoa ule mlio wao mfupi wa hatari, na kundi zima likaondoka, majike na watoto wao, juu ya mipapai, juu ya choo, juu ya paa la Mama Zaituni, mpaka kwenye ile miti michache iliyobaki. Mahindi yaliendelea kutikisika kidogo, kisha yakatulia. Mama alikuwa bado amesimama palepale, mkono chini. Alishangaa kuliko sisi.

Baba mdogo akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Shemeji, wamekujua tangu lini?"

"Hata mimi sikujua," mama akasema.

Alikuwa anadhani wanaogopa koti. Kumbe asubuhi zote zile walikuwa wanamsoma mtu aliyemo ndani yake, mwendo wake, mkono wake, na mwisho sura yake. Tumbili wana akili, wasikudanganye mtu. Walikuja na dharau yao kwa wanawake wote, wakajifunza kuwatofautisha mmoja mmoja. Mama Zaituni waliendelea kumfunulia sufuria.

Siku ile tulikunywa chai wote pamoja. Baba mdogo hakusema lolote kuhusu kiwanja, akavuka mto akarudi kwake. Shangazi alilikunja koti, akalirudisha kwenye shuka pamoja na nguo nyingine na kulifunga kwa fundo lake mwenyewe, na mama hakulihitaji tena. Alilinda msimu mzima kwa kanga. Mimi nikaacha kuweka muhogo kwenye kichuguu, ingawa kwa siku kadhaa nilipita pale nikiwa nimeushika, na mara moja niliuacha nikijua kabisa anayekula ni nani. Tukavuna. Sina haja ya kutia chumvi, mavuno yalikuwa ya kawaida, lakini tulivuna sisi.

Mwaka ulipotimia ukoo ukakusanyika kwetu kumaliza msiba. Walikuja wazee kutoka Mahenge, wengine sikuwahi kuwaona. Nguo zikagawiwa. Yakaja mambo ya mali, na mzee mmoja, ambaye kwa kweli hakuwa na nia mbaya, akauliza kiwanja hiki cha Lipangalala sasa kina mwangalizi gani, maana mji unakua na mjane anaweza kudhulumiwa. Macho yote yakamgeukia baba mdogo, kwa kuwa ndiye aliyestahili kujibu. Mama alikuwa jikoni anapakua wali, mwiko mkononi, nami nimekaa kizingitini kati yake na wale wazee.

Baba mdogo alikohoa kwanza. Kisha akasema, "Wazee wangu, mnaniuliza mimi? Hata tumbili wanajua shamba hili ni la nani."